Kikao Kisicho na Mwisho

Filomena Hynes wa uhasibu ameniandikia mara ya nne:
"Chumba cha tatu kinanikataa."
Hakusema mfumo, hakusema kalenda.
Chumba, kama mtu mwenye kinyongo.

Nikashuka ngazi, kompyuta kwapani.
Ukungu ulikuwa umeimeza St. John's nzima,
ukabakiza honi za bandari tu.

Nikaanza na mshukiwa wa kila siku: nusu saa yetu.
Kisiwa hiki kina nusu saa isiyo ya mtu mwingine.
Toronto wakigonga saa tatu kamili
sisi tuko saa nne na nusu,
na kila programu iliyoundwa mbali
hutukunja magoti ili tuenee kwenye boksi lake.
Nikakagua majira. Yako sawa.
Nikazima, nikawasha.
"Tuma mwaliko tena," nikamwambia,
na jibu likarudi kabla hajainua kidole:
Umekataliwa.

Nasi tumesimama humo humo ndani,
viti tisa vitupu,
ubao wenye hesabu za mwaka juzi,
tunaambiwa kumejaa.
"Kumejaa nani?" akauliza Filomena,
akainama, kweli, akachungulia chini ya meza.

Basi nikaingia kwa ufunguo wa msimamizi,
uani kwa kalenda, wasikofika wageni,
nikamenya wiki moja moja kama kitunguu.
Kila Jumanne, saa nne na nusu hadi saa tano:
kikao. Kinajirudia. Tarehe ya mwisho: hakuna.
Mwandaaji: Cyril Pardy.
Waalikwa: Cyril Pardy.
Ajenda: Barafu.

Pardy alistaafu miaka mitatu iliyopita.
Tulimkatia keki, akarudisha kadi ya mlango,
na akaunti yake niliifunga mimi, kwa mkono huu.
Kumbe kufunga akaunti si kufunga vikao:
mwenye nyumba kahama,
jikoni moshi bado unafuka.

Nikampigia. Utaratibu unataka mwandaaji aulizwe
(uongo; nilitaka kujua tu).
Alikuwa akipasua kuni. Shoka nililisikia kabla yake.
"Lo! Bado kipo?"
Kisha, baada ya pumzi mbili:
"Ni dirisha lile, binti. Ndilo pekee linaloona mlango wa bandari.
Mwezi wa Mei milima ya barafu hupita pale.
Mimi na mkate wangu, mimi na chai yangu.
Ningekaa bila kuandika, wangesema nimekaa bure.
Nikaandika. Wakawa wanachungulia,
wananiomba radhi, wanafunga mlango taratibu."
Miaka mingapi?
"Kumi na mmoja. Na hatukuwahi kupitisha muda."

Kufuta ni kubofya mara moja.
Programu ikauliza, kwa adabu yake isiyo na uso:
tukio hili tu, au mfululizo wote?
Wote.
Filomena akatuma. Umekubaliwa. Akapiga kofi moja, pa!
Kwenye daftari la hitilafu nikaandika:
chanzo, kikao yatima. Imetatuliwa.

Jumanne iliyofuata nikapita pale, saa nne na nusu.
Toronto walikuwa wameomba kisogezwe hadi Alhamisi.
Taa zimezimwa. Kwenye kijisahani cha mlangoni,
rangi ya kijani: chumba kiko wazi.
Ukungu umeondoka, na kule nje, kati ya magenge mawili,
kitu cheupe, kirefu kuliko jengo letu,
kinapita polepole bila mwaliko wa mtu.

Nilikuwa na kahawa iliyopoa
na watu wawili ghorofani wananisubiri, nywila zimewapotea.
Sikukaa.
Nilisimama, mgongo kwenye fremu ya mlango,
nikapiga picha, nikamtumia Pardy.

Akajibu papo hapo, kama aliyekuwa ameshika simu tangu asubuhi:
"Akidi imetimia."